Wimbo wa Cherono

Wangare aliposhuka kwenye lori kule Subukia, mwaka wa hamsini na nane, alikuwa na blanketi moja na kikapu, na wanawake wote aliosafiri nao walijua kwamba kuchuma pareto hakukuwa haja yake. Alikuja kumtafuta mtoto wake, Mugure, ambaye alikuwa amemwacha kwa jirani zaidi ya miaka mitano kabla.

Kabla ya serikali ya wakoloni kutangaza hali ya hatari, Wangare na mumewe Mathenge, Wakikuyu, walikaa kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Kabazi. Mathenge alikuwa seremala. Mlango wao ulitazamana na mlango wa Kemboi, Mtugen aliyechunga na kukamua ng'ombe wa bwana, na mkewe Cherono. Watu wa kambi ya wafanyakazi walizoea kwamba ukitaka kumwona Wangare unaanza kwa Cherono, na ukitaka chumvi ya Cherono unaiulizia kwa Wangare. Cherono alikuwa na mvulana, Kipketer, na siku za mwisho pale kambini tumbo jingine lilikuwa linaanza kuonekana. Wangare alikaa miaka mingi bila mtoto, na alipompata Mugure, mikono ya kwanza kumshika mtoto huyo ilikuwa ya Cherono.

Kwenye zizi la bwana kulikuwa na ng'ombe mmoja wa mabaka, mkorofi, aliyekuwa akizuia maziwa. Kemboi akishindwa naye alimwita mkewe. Cherono alikuwa akichuchumaa, akiweka paji la uso kwenye ubavu wa yule ng'ombe, kisha akiimba polepole mpaka maziwa yaanze kugonga ndani ya ndoo. Ulikuwa wimbo wa zamani, wa nyanyake. Wangare hakujua Kitugen zaidi ya salamu, lakini wimbo ule aliushika wote kwa kuusikia asubuhi na jioni. Siku moja aliuliza maana yake, na Cherono akamtafsiria:

Rudi, wewe wa mabaka, shuka mlimani,
ndama wako amelia hadi akachoka.
Nyasi za huko ni nzuri,
lakini hazikuiti kwa jina.

Basi Wangare akawa anambembeleza Mugure kwa wimbo huo. Cherono alicheka hadi akashika mbavu. "Mama Mugure, unamwimbia mtoto kama unataka kumkamua!"

Mambo yaliharibika upesi. Kwanza askari walimchukua Mathenge kutoka karakana, randa ikiwa bado mkononi. Kisha amri ikatoka kwamba Wakikuyu wote waliobaki waondolewe shambani. Lori lilikuja Mugure akiwa na surua, macho yamefungwa kwa tongo, mwili unachoma. Habari za kambi ya waya kule Nakuru, walikokusanywa wanaohamishwa, zilikuwa zimewafikia: watoto wanalala kwenye matope, na kila asubuhi kuna wasioamka. Wangare alisimama katikati ya ile milango miwili, mtoto kifuani, nyapara akipiga kelele. Kisha akavuka na kumweka Mugure mikononi mwa Cherono.

"Nitarudi mwezi huu ukiisha," alisema.

"Askari akiuliza, nitasema ni wangu," Cherono akajibu. "Nenda. Usigeuke, watakushuku."

"Mpe uji mwembamba. Akikataa mwimbie, atakunywa."

Hakugeuka.

Kule rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, waliwekwa katika kijiji kilichozungukwa na handaki, handaki walilolichimba wenyewe chini ya mijeledi. Mwanamume mmoja aliyetoka kizuizini alimletea habari kwamba Mathenge alikufa kwa kuhara na akazikwa bila mtu wa kwao kuwapo. Wangare alimlilia mumewe huku akibeba udongo, kwa sababu ruhusa ya kukaa nyumbani kulia haikuwapo. Alipomwendea chifu kuomba kibali cha kwenda kumchukua mtoto, chifu alimwuliza, "Mtoto gani wa Kikuyu anakaa kwa Watugen?" na akamfukuza. Alirudi tena na tena, akafukuzwa kila mara.

Wimbo wa Cherono ulibaki naye. Aliuimba kwa sauti ya chini akiwa handakini, na wenzake walidhani akili yake inapotea, maana hawakuelewa hata neno moja. Akiufikia mstari wa pili tu, kambi yote ya Kabazi ilirudi: harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, Kemboi akikohoa nje ya mlango ili ajulikane anaingia, Mathenge akimchongea Cherono kigoda na kukataa malipo, na Mugure akiwa amelala kwenye mgongo ambao haukuwa wa mama yake, bila wasiwasi wowote. Ndipo Wangare alipata nguvu ya kunyanyua karai jingine la udongo. Mtoto yuko mahali salama, alijiambia. Anakunywa maziwa.

Kwa hiyo waliposikia kwamba wazungu wa Subukia wanataka wanawake wa kuchuma pareto, na kwamba watakaokubali watapewa pasibuku, kile kitabu cha ruhusa ya kutoka rizavu, Wangare alikuwa wa kwanza kujipanga.

Jumapili ya kwanza, nyapara alipowapa mapumziko, aliondoka asubuhi kwa miguu hadi shamba lao la zamani. Aliikuta njia, aliukuta mfereji, lakini kambi haikuwapo. Mahali pa nyumba zao palikuwa na mahindi. Alitembea kati ya mistari akitafuta hata jiwe la jiko, asilione.

Mtu pekee aliyemtambua alikuwa Omolo, aliyekuwa mpishi wa bwana na sasa analinda pampu ya maji. Alivua kofia. "Mama Mugure! Kumbe uko hai?"

"Kemboi yuko wapi, Omolo?"

"Bwana wetu aliuza shamba akarudi kwao Ulaya. Huyu mpya hakutaka ng'ombe wa wafanyakazi kwenye nyasi zake. Kemboi aliambiwa auze mifugo yake au aondoke. Akaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Wengine walisema Solai. Wengine Baringo kwao. Mimi sikuuliza, mama. Wakati ule hatukuwa tukiulizana."

"Na watoto? Uliwaona watoto?"

Omolo alifikiri. "Punda alibeba vyombo, Kipketer alikuwa mbele na mbuzi. Cherono alikuwa na mtoto mgongoni."

"Wa kike?"

"Alikuwa amefunikwa blanketi, mama. Sikuona."

Wangare alirudi Subukia akikimbia. Cherono alikuwa na mtoto mgongoni! Usiku ule hakula chakula, wala hakusikia njaa.

Jumapili iliyofuata alipata nafasi kwenye lori la maziwa hadi Nakuru. Alikwenda moja kwa moja kwenye soko la mbuzi, ambapo watu wa kutoka Baringo walileta mifugo na asali. Aliuliza juu ya Kemboi kwa kila aliyekutana naye. Walimtazama kitambaa chake cha kichwani, wakasikia lafudhi yake, na wakageukia pembeni. Nani angemwonyesha Mkikuyu asiyemjua nyumba ya mtu, siku zile?

Jua likapanda. Lori la kurudi lingeondoka mchana, na baada ya hapo pasibuku yake haingemruhusu kuwa mjini. Alisimama katikati ya mbuzi, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, akaanza kuimba. Aliimba kwa sauti yote, ile ambayo hakuwahi kuithubutu kule handakini.

Watu wakaangua kicheko. "Mama huyu anakamua mbuzi wetu!" mwanamume mmoja alipiga kelele. Wangare hakuacha. Machozi yalimtiririka, naye akaendelea mpaka mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo.

Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa ameketi nyuma ya vibuyu vya asali, alimwita kwa mkono. "Nani alikufundisha wimbo wa nyanya zetu?"

"Jirani yangu, Cherono. Mume wake Kemboi. Tulikaa pamoja Kabazi. Ana mtoto wangu."

"Mtoto wako?"

"Nilimwachia wakati wa lori."

Yule mama akazungumza kwa Kitugen na mwanamume aliyekuwa karibu. Wakabishana. Mwishowe akasema, "Kuna Kemboi mmoja Mogotio, kwenye shamba la mkonge. Anaendesha ng'ombe wa mkokoteni. Anasema alitoka upande wa Subukia. Sijui kama ndiye."

Wangare hakurudi kwenye lori la maziwa. Alishika njia ya Mogotio.

Alitembea siku hiyo na nusu ya pili, akilala kwenye kichaka, akijificha kila aliposikia gari. Hata hivyo alikamatwa. Mbele ya Rongai askari wawili waliokuwa wamepumzika chini ya daraja walimwona kabla hajawaona. Mkubwa wao, aliyeitwa Kimaiyo, aliichukua pasibuku yake akaigeuza huku na huku.

"Hii ni ya Subukia. Hapa unatafuta nini?"

"Mtoto wangu, afande. Yuko kwa jirani yangu Mtugen, Mogotio."

"Mtugen na Mkikuyu ni majirani?" Kimaiyo alimgeukia mwenzake. "Umesikia huyu?"

"Ni kweli, afande. Hata wimbo wao wa kukamua ninaujua."

Alijuta alipolisema hilo. Walimlazimisha auimbe pale barabarani. Alipomaliza wakamwambia aimbe tena, safari hii akichuchumaa na kukamua hewani kwa mikono, na walicheka mpaka yule askari mwingine akafuta macho. Wangare alichuchumaa vumbini, akavuta matiti ya ng'ombe asiyekuwapo, akaimba. Angefanya lolote. Kimaiyo alimrushia pasibuku yake miguuni. "Potea. Nikikukuta tena upande huu utalala ndani."

Alifika kwenye shamba la mkonge alasiri, miguu imepasuka. Kambi ilikuwa ndefu, nyumba za udongo zimepangwa kandokando ya reli ndogo ya kusafirishia majani. Kijana wa kike aliyekuwa akichota maji alimsikiliza, kisha akauliza, "Kemboi wa mkokoteni? Unamtafuta Mama Mugure?"

Wangare alishika ukingo wa tangi. "Umesema nani?"

"Mama Mugure. Mke wa Kemboi. Nyumba ya mwisho, yenye zizi la miiba."

Miguu yake haikuuma tena. Hawakulificha jina! Miaka yote ile ya hatari Cherono alimwita mtoto kwa jina lake, la Kikuyu, mbele ya watu, ili mama yake akija amkute vile alivyomwacha. Wangare alipita nyumba za watu bila kusalimia. Alimwona Cherono kabla Cherono hajamwona. Alikuwa amekonda, mgongo umeinama kidogo, anapembua mtama kwenye ungo. Na akiwa bado anapembua aliinua kichwa kuelekea zizini, akaita, "Mugure! Lete kibuyu!"

"Naam," sauti ya kitoto ikajibu.

Akatoka msichana mwenye kibuyu mkononi. Alikuwa na paji pana la uso kama la Kemboi. Alikuwa na mapengo mbele, meno ya utoto ndiyo kwanza yanaanza kung'oka. Mugure wa Wangare angekuwa sasa na umri wa kupika ugali na kubeba kuni, na kumfikia mama yake kifuani. Huyu alimfikia kiunoni tu.

Wangare aliangalia nyuma ya mtoto, mlangoni mwa zizi, akingoja atoke mwingine. Hakutoka mtu.

Ungo ulianguka. Cherono alikuwa amesimama, mikono yote miwili mdomoni.

"Yuko wapi?" Wangare aliuliza.

"Mama Mugure, keti kwanza."

"Cherono, yuko wapi?"

Cherono alipiga magoti pale kwenye mtama uliomwagika.

Alimweleza jua likishuka, Kemboi akiwa ameketi kwenye kizingiti, kichwa chini. Ilikuwa siku mbili tu baada ya lori. Mtoto alianza kupumua kwa shida, kifua kikilia. Bwana hakutaka kutoa gari. Cherono alimfunga mgongoni akashika njia ya hospitali ya Nakuru kwa miguu, yeye mwenyewe akiwa mjamzito. Alipofika Bahati, alisikia mgongo wake umekuwa mzito.

"Nilijua," alisema. "Lakini nilitembea bado. Nilifikiri nikifika kwa daktari... Wanawake wa kambi ya wapasua mbao walinisimamisha. Ndio walionisaidia kuchimba."

"Mbona hukunitafuta uniambie?"

"Nilikwenda kwenye waya Nakuru. Walikuwa wameshawapeleka rizavu. Kemboi alimwuliza karani, karani akasema tukiendelea kuwaulizia Wakikuyu tutaingizwa ndani pamoja nao." Cherono alijifuta uso kwa nyuma ya mkono. "Huyu alipozaliwa, nikasema lile jina lisipotee. Niliapa kwamba ukirudi utakuta hata jina."

Mtoto alikuwa amesogea karibu, anamtazama mgeni anayelia. Alinyoosha mkono kugusa ncha ya kitambaa chake. Wangare aliuondoa ule mkono kwa nguvu.

"Mwondoe! Mwondoe mbele yangu! Nani alikuruhusu? Ulizika mtoto wangu, ukachukua jina lake ukampa wako, na mimi huko nabeba udongo nikisema anakunywa maziwa!"

Mtoto alipiga mayowe. Kemboi alimbeba akatoka naye. Cherono hakujitetea. Alibaki pale chini, na Wangare akampiga mgongoni kwa ngumi, mara moja, mara nyingine, kisha nguvu zikamwisha akaanguka juu ya mgongo uleule. Wakalia hivyo, mmoja juu ya mwingine, majirani wa Mogotio wakichungulia wasijue wafanye nini.

Asubuhi Wangare alisema jambo moja tu. "Nipeleke."

Kemboi alimsihi dereva wa lori la mkonge, akawachukua wanawake hao wawili hadi Nakuru wakiwa wamejificha kati ya marobota. Kutoka hapo walitembea. Njia ya kupanda Bahati ilikuwa na ukungu, na Wangare alikumbuka kwamba lori la pareto lilimpitisha hapahapa. Wenzake walikuwa wakiimba, naye aliimba pamoja nao.

Cherono alikuwa ameweka alama: rundo la mawe chini ya mti wa msindano, hatua chache kutoka barabarani, mahali pa kona. Walifika kwenye kona. Barabara ilikuwa imepanuliwa. Greda lilikuwa limekata ukingo wote wa juu, miti imeondolewa, na mawe yote ya upande ule yamevunjwa na kushindiliwa kwenye barabara. Cherono alisimama akitazama.

"Ni hapa," alisema. Akaenda mbele kidogo. "Hapana. Kona ilikuwa hivi, mti ulikuwa hivi. Ni hapa." Akashuka mtaroni, akapanda tena, akachimbua udongo mwekundu kwa vidole. "Mama Mugure, naapa palikuwa na mti. Ngoja. Ngoja nitapaona."

Alitambaa kwa magoti ukingoni, akigusa ardhi kama kipofu, mpaka shuka lake likawa jekundu lote. Wangare alimwacha kwa muda. Kisha akamfuata, akamshika mabega.

"Basi, Mama Kipketer. Basi. Inuka."

Waliketi kwenye ukingo wa barabara, miguu ndani ya mtaro. Cherono alifungua kitambaa alichokuwa amefungia viazi vya kuchemsha. Hakuna aliyekula.

"Aliniulizia?" Wangare alisema.

"Mara moja. Asubuhi ile, kabla sijamfunga mgongoni."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia umekwenda kuteka maji."

Wangare alitikisa kichwa polepole. "Akanyamaza?"

"Akanyamaza. Alisema basi anangoja."

Lori la magogo lilipita likawafunika kwa vumbi. Lilipotoweka, Wangare alizungumza tena, akitazama ule udongo uliokatwa. "Mtoto wako nilimsukuma. Mwambie mgeni alikuwa mgonjwa."

"Nitamwambia."

"Na jina mwachie. Ni kosa gani alilofanya?"

Kufikia jioni walikuwa wamefika Subukia. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Nyapara alikuwa amekwisha kutoa habari kwamba mchumaji mmoja ametoroka, na askari walimngojea langoni. Cherono alijaribu kuwaeleza kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika kwamba huyu si mwizi, huyu ni jirani yake, alikuwa na msiba. Walimwambia avuke barabara kabla hawajamchukua naye pia.

Kwenye kituo askari alimwuliza Wangare jina lake, kijiji chake na chifu wake, akaandika. Akamwambia kwamba atarudishwa rizavu na hatapata kibali tena. Kisha akauliza kama ana watoto.

Wangare alitazama nje. Cherono alikuwa bado amesimama ng'ambo ya barabara, viatu vyake vya akala mkononi, akitazama kituo.

"Hapana," alisema.

Askari alimwonyesha mahali pa kuketi, sakafuni pamoja na wengine, wangojee lori.